Hatunyimwi Habari Amu, Twaambiwa Njoo Kesho

Ni nadra sana hapa kwetu Amu, yaani Lamu, mkubwa wa ofisi akutazame usoni akwambie sikupi hiyo karatasi, na hilo ndo tatizo lenyewe. Wangekua wanakataa waziwazi tungejua la kufanya, manake anaekataa ashatoa jibu na jibu lashikika. Kinachofanyika ni kwamba unakaribishwa vizuri, unaulizwa hali, hujambo mamangu, nyumbani wazima, alafu unaambiwa anaehusika yuko semina Mombasa, au faili liko kwa mkubwa, au sistimu iko chini, njoo kesho. Ukija hiyo kesho unapewa kesho ingine. Hakuna alieandika popote kwamba ulikuja, hakuna alieandika kwamba umerudishwa, na mwisho wa mwaka ofisi ikiulizwa itasema haijawahi kumnyima mtu yeyote habari, na kwenye makaratasi itakua yasema kweli.

Mimi nasema hapo ndo pa kushika. Tumezoea kulalamika kwamba serikali ina siri, na siri zipo sikatai, lakini kinachotuumiza kila siku ni lile jibu la mdomo lisilo na tarehe wala jina wala muhuri. Jibu la mdomo huwezi kulipeleka mbele, huwezi kulikatia rufaa, ukilitaja kwa mkubwa wa juu yeye atakuuliza nani alikwambia hivo, na wewe utabaki wasema ni yule kijana alievaa shati jeupe. Sheria tuliyonayo Kenya kuhusu habari za serikali ni nzuri, nalisema hili bila kusita, lakini imejengwa juu ya maandishi na sisi watu wa huku twapenda kuongea, twaenda na mdomo twarudi na mdomo.

Na huku kwetu njoo kesho ina bei yake. Makao ya kaunti yako Mokowe, bara. Mtu wa Amu mjini avuka kwa boti na huyo ana afadhali, lakini fikiria mtu wa Kizingitini au Mbwajumwali au Ndau, aamke alfajiri, aangalie maji yamejaa au yametoka manake pale Mkanda maji yakipwa boti haipiti hivihivi, alipe nauli, ale, apoteze siku ya bahari au ya shamba, alafu afike aambiwe mwenyewe yuko semina. Huyo hatorudi. Ofisi haikumfukuza, nauli ndo ilimfukuza, na ile habari aliyokua akiitaka imebaki palepale kama vile hakuna aliewahi kuiuliza.

Sasa tuangalie sheria yenyewe, manake wengi twaijua kwa jina tu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 chasema kila raia ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na hata iliyo mikononi mwa mtu mwingine au kampuni kama waihitaji kutetea haki yako nyingine. Alafu 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Kupata Habari, nambari 31 ya mwaka huo, ikaanza kazi mwezi wa tisa. Ombi laandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kiswahili jamani, kimetajwa mle ndani ya sheria, kwa hivo akikwambia mtu nenda kaandike kwa Kiingereza mwambie sheria haijasema hivo. Asiejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, ofisa ana wajibu wa kumsikiliza na kumuandikia ombi lake. Kuomba ni bure, unacholipa ni gharama ya kupiga kopi. Ofisi ikiwa na fomu yake sawa, lakini fomu isiwe ndo sababu ya kukucheleweshea, karatasi ya kawaida yatosha.

Alafu yaja hesabu ya siku, na hapa ndo utaona kwa nini nang'ang'ania maandishi. Ofisi ina siku 21 kujibu. Kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu ni masaa 48. Yaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu, kama makaratasi ni mengi au kama lazima iwaulize wengine. Kama habari hiyo iko ofisi ingine, wenyewe ndo watakiwa kulipeleka ombi lako kule ndani ya siku 5, sio wewe uzungushwe kutoka mlango mmoja hadi mwingine ukiwa umeshika mkoba. Wakikataa watakiwa wakwambie sababu na wakwambie pa kulalamika. Yote hayo ni mazuri lakini saa ya sheria yaanza kuhesabu siku ombi lilipopokelewa, na kama hakuna karatasi iliyopigwa muhuri wa kupokelewa basi hakuna siku ya kwanza, na pasipo siku ya kwanza hakutakua na siku ya 21.

Kuna swali la kaunta ambalo kila mtu ashaulizwa: wataka za nini? Na lile dada yake, nyinyi mmetumwa na nani? Sheria imelimaliza hilo kwenye kifungu cha 4, haki yako haipungui kwa sababu uliyoitoa wala kwa kile ofisa anachodhani ndo sababu yako. Huna haja ya kujieleza. Waweza kua mwandishi, waweza kua mpinzani wa mwakilishi wa wadi, waweza kua huna kazi umekaa Mkunguni na umeamua leo wataka kujua taa za barabarani ziligharimu pesa ngapi. Yote ni sawa.

Nataka niwatendee haki pia hawa vijana wa kaunta manake wengi ni watoto wetu, twawajua kwao. Sheria imemtaja mtendaji mkuu wa ofisi ndo ofisa wa habari, ingawa aweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo, lakini anaeulizwa ni yule mdogo wa mbele ambae hajawahi kuambiwa kipi aweza kutoa na kipi hawezi. Yeye apiga hesabu yake kimyakimya. Nikitoa na mkubwa akakasirika naweza kupewa uhamisho, nikisema njoo kesho hakuna wa kuniuliza. Na kweli, ukisoma sehemu ya adhabu utaona anaetoa habari za usalama wa taifa zilizokatazwa aadhibiwa vikali kuliko anaemnyima raia habari aliyo na haki nayo. Kisha nyuma ya hapo iko ile Sheria ya Siri za Serikali ya zamani ambayo bado ipo vitabuni, na wakubwa wengi wa leo walifunzwa kazi na watu waliofunzwa chini ya ile. Kwa mtu kama huyo kufunga mdomo ndo usalama. Kwa hivo kumgombeza kijana wa kaunta hakusaidii kitu, ila barua yamsaidia hata yeye, manake barua aweza kuipeleka juu na kusema mimi nimeletewa hii, imepigwa muhuri tarehe kadha, nifanyeje.

Nitatoa mfano nilioushuhudia, na sitotaja kijiji wala ofisi. Kisiwa kimoja cha Lamu Mashariki wana jabia la kukinga maji ya mvua, na mtu ambae hajaishi visiwani hawezi kujua jabia ni nini kwa watu wale, manake visima vyao vina chumvi na mvua ikikosa kuingia pale basi maji yanunuliwa yaletwa kwa boti. Jabia lile likafanyiwa ukarabati kwa pesa za umma, kontrakta akaja akaondoka, ubao wa mradi ukapigwa picha, na msimu uleule likaanza kuvuja. Wazee wakaenda kuuliza. Wakaambiwa kazi imekamilika na imelipwa. Wakauliza kazi gani hasa, wakaambiwa ukarabati. Wakarudi tena na maneno yakawa ni yaleyale, tena sasa wakaanza kuulizwa nani awachochea.

Alieifungua hiyo kazi ni binti mmoja aliemaliza fomu foo, yuko nyumbani angoja kujiunga na chuo. Aliandika barua fupi sana kwa Kiswahili. Hakuandika twataka uwazi, hakuandika wananchi tumechoka, aliomba vitu kwa majina yake: nakala ya BQ, ile orodha ya kazi na vifaa vya mradi, ya kazi ya jabia, nakala ya mkataba, cheti cha kukamilika kazi na jina la cheo cha aliekisaini, na vocha za malipo. Akaandika chini tarehe, akataja sheria na mwaka wake, akatoa kopi mbili, na mzee alieipeleka akaambiwa usiondoke mpaka kopi yako ipigwe muhuri. Alikaa pale kwenye benchi mpaka mchana. Ikapigwa.

Hawakupata vyote. Walipata BQ, kurasa chache, na mkataba hadi leo sijasikia kama ulitoka. Lakini BQ ilitosha. Ilikua imeandikwa plasta mara mbili na simiti ya kuzuia maji kwenye sakafu yote, na fundi mmoja wa hapohapo akashuka ndani ya jabia na kisu akakwaruza pembeni watu wakiangalia, na plasta ilikua moja, nyembamba, chini yake ni ufa wa zamani uleule. Kuanzia hapo maneno yalibadilika. Hawakua tena wazee wanaonung'unika, walikua watu wenye karatasi ya serikali mkononi inayosema kitu kimoja na ukuta unaosema kitu kingine. Kontrakta alirudi kutengeneza. Sijui kama alirudi kwa aibu au kwa kusukumwa, na mimi sioni kama ni muhimu, maji yalikaa.

Hio ni jabia. Tukija kwenye mambo makubwa ya Lamu utaona njia ni ileile. Machi 2012 alikuja Kibaki na Meles Zenawi na Salva Kiir wakazindua LAPSSET, ule mradi wa kuiunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, bandari ya gati 32 kwenye michoro, na wavuvi wa hapa walikua wakisikia habari ya bahari yao redioni. Mohamed Ali Baadi na wenzake wakaenda mahakamani mwaka huohuo. Uamuzi ulikuja tarehe 30 Aprili 2018, na watu wengi huku waukumbuka kwa ile shilingi bilioni 1.76 ya fidia kwa wavuvi karibu 4,600, na ni haki waikumbuke manake ni pesa, na tena walingojeshwa sana, gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021 na wavuvi bado walikua wasubiri. Lakini mimi naukumbuka pia kwa jambo lingine. Majaji walisema haki ya wenyeji ya kupata habari ilivunjwa, sawa na haki ya mazingira na ya utamaduni wao. Yaani kule kutoambiwa kwenyewe kulihesabiwa ni dhuluma, hata kabla mashine haijagusa mchanga wala mkoko.

Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, huku Lamu, ndo fundisho kali zaidi. Leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ilitoka Septemba 2016, mwezi uleule sheria ya habari ilipoanza kazi. Megawati 1,050. Mikutano ilifanyika, soda zikanywewa, majina yakaandikwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini mikutano hio ilikua ya mwanzo kabla ya utafiti kamili wa athari kutoka, na ule utafiti wenyewe wenye maelezo ya moshi na majivu na maji ya moto yatakayorudi baharini, wenyeji hawakukaa wakaelezwa na kuulizwa kama inavyotakiwa. Save Lamu, muungano wa vikundi vya hapa, na wenzao wakaupinga, na Juni 2019 Tribunali ya Taifa ya Mazingira ikaifuta leseni. Wenye mradi wakakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikasema leseni ibaki imefutwa. Mradi wa mabilioni ya dola ulikwama kwa sababu watu hawakupewa habari kwa wakati na kwa njia wanayoielewa. Wakubwa wanaodhani kufichaficha kwaharakisha maendeleo wakae chini waangalie hio miaka tisa.

Na reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, kila mtu aijua. Wanaharakati Khelef Khalifa wa MUHURI, shirika la haki za binadamu la hapa Pwani, na Wanjiru Gikonyo waliandika barua kwanza kuomba mikataba. Walipokosa ndo wakaenda Mahakama Kuu Mombasa, na Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru serikali iitoe. Serikali ilikua yasema mikataba ina kipengele cha kutofichua na kuna mambo ya usalama, jaji hakukubali. Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi Kipchumba Murkomen akaweka hadharani mikataba ya mkopo na tukaona wenyewe kwamba ugomvi ukitokea waamuliwa Beijing. Angalia kilichoifikisha kesi mahakamani: barua zilizoandikwa, zisizojibiwa. Bila zile barua wangeenda kusema nini, kwamba waliuliza kwa simu?

Ardhi nayo nitaipitia haraka kwa sababu ikianza haiishi. Oktoba 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hati za kampuni 22 zilizokua zimejichukulia karibu ekari laki tano za Lamu, na ugawaji ule ulifanyika 2011 na 2012. Laki tano. Ekari nusu milioni za kaunti moja zagawiwa kampuni na watu wanaolima pale hawana habari. Sheria ya 2016 ina kipengele kwamba habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 yachukuliwa haina kizuizi mpaka ofisi ithibitishe vingine, na kwa watu wa huku ambao mashamba yao yana historia ya tangu kabla ya uhuru, kipengele hicho chafaa kutumiwa sana na sijaona kikitumiwa.

Sasa usalama. Siwezi kuandika kutoka Lamu nikajifanya usalama ni kisingizio tu. Mpeketoni Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 60, tumekaa chini ya kafyu, wavuvi walikatazwa bahari usiku kwa muda mrefu, msitu wa Boni watu wamehamishwa. Kuna habari ambazo hazifai kutoka, doria zapita wapi na lini, hilo hata mimi sitaki kulijua. Lakini neno usalama limegeuka kua komeo la kila mlango. Ukiomba ripoti ya fidia waambiwa usalama, ukiomba mkataba wa barabara usalama, hata idadi ya walimu waliopelekwa shule za Basuba usalama. Sheria haikuacha neno hilo litumike hivo. Ofisi yatakiwa ieleze ni madhara gani yatatokea, na hata pakiwa na madhara bado yapimwa na faida ya umma kujua, ikiwa faida ni kubwa zaidi yaweza kuamriwa itoe. Na hapo narudi palepale, anaesema usalama kwa mdomo hana haja ya kueleza chochote, anaelazimika kuandika itabidi afikiri kwanza kabla ya kuliweka jina lake chini ya hio sababu.

Upande wa pili kuna habari za watu binafsi na hapa huwa nagombana na marafiki zangu. Kuna wanaotaka orodha ya basari itolewe yote, majina, shule, na sababu kila mtoto alipewa. Mimi siafiki. Mtoto wa watu aliepata basari kwa sababu ni yatima au babake mgonjwa hana kosa la kufanya jina lake lizunguke kwenye magrupu ya WhatsApp, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yamlinda. Tunachohitaji ni wadi ilipata pesa ngapi, zimeenda shule gani na kiasi gani, waombaji walikua wangapi, wamepimwa kwa vigezo gani na kamati ni nani. Hayo yatosha kumshika mwizi. Orodha ya fidia ya wavuvi ni kitu kingine, ile lazima majina yabandikwe BMU kwa BMU, yaani kila kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wake, manake ni wavuvi wenyewe watakaosema fulani hajawahi hata kushika mshipi. Ficha nambari ya kitambulisho na ya simu, jina liache.

Lakini hata tukiandika barua vizuri namna gani, isiwe ndo kazi yetu ya maisha. Kifungu cha 5 chazitaka ofisi zitoe habari zenyewe bila kuombwa, na chasema zizingatie lugha ya eneo na njia inayofikia watu wa pale. Tafadhali kisome tena. Lugha ya eneo. Huku kwetu kaunti ikiweka bajeti kwenye tovuti, PDF ya mamia ya kurasa kwa Kiingereza, yahesabu kwamba imetangaza. Mpango wa maendeleo wa mwaka watakiwa uwe tayari ifikapo Septemba mosi, mapitio ya bajeti Septemba 30, waraka wa mikakati ya fedha Februari 28, makadirio yenyewe Aprili 30, tarehe hizi zajulikana kila mwaka, hazibadiliki, lakini ni nani Siyu au Kiunga aliewahi kuambiwa? Tangazo la mkutano wa kutoa maoni latoka gazetini, na Kizingitini ni watu wangapi wanunua gazeti. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila wadi, miradi ya wadi hio na pesa zake na jina la kontrakta, ubandikwe kwenye gati watu wanapongojea boti, usomwe redioni, upelekwe kwa maimamu na kanisani na kwa chifu. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Na yawezekana, isije mtu akasema huu ni uzungu. 2007 kule Changamwe, kabla hata ya katiba hii, MUHURI waliwapata wenzao kutoka Rajasthan, India, wale wa MKSS waliokua wakiwasomea wanakijiji hesabu za serikali hadharani tangu miaka ya tisini, wakawafunza watu wa kawaida wa Mombasa kusoma makaratasi ya CDF, zile pesa za maendeleo za maeneo bunge, na kwenda kuyalinganisha na miradi chini. Watu wa mitaani, akina mama, vijana, wakahesabu mifuko ya simiti wakapima kuta kwa futi. Na wakati huo hakukua na sheria ya kuwalazimisha wakubwa kutoa karatasi. Sisi tunayo.

Kuna kikwazo kimoja cha huku ambacho wanaoandika kutoka Nairobi huwa hawakioni. Haki hii ni ya raia. Sasa ofisa akikwambia lete ID kwanza, kwa mtu wa Nyeri ni jambo dogo, kwa Mbajuni wa mpakani au Mwaweer wa Boni ni jambo lingine kabisa, manake kuna watu wazima huku waliozungushwa miaka kwa kukaguliwa ukoo wao na hati za babu zao ndo wapate kitambulisho. Huyo ni raia, kazaliwa hapa, babake kazikwa hapa, na hawezi kuuliza jabia la kijiji chake limekula pesa ngapi. Ushauri wangu ni kwamba ombi la kijiji liandikwe na mwenye ID kwa niaba ya wote, sheria haimuulizi aombea nani, lakini nasema pia wazi kwamba hili la vitambulisho lisipomalizwa, haki ya habari huku itakua ya nusu ya watu.

Siku 21 zikipita kimya, usirudi kaunta kubembeleza. Kimya nacho ni jibu, nacho kipelekwe Tume ya Haki ya Utawala, ile twaiita Ombudsman, wana ofisi Mombasa na waandikiwa hata kwa barua pepe, ndani ya siku 30. Kauli yao ni hata mnyonge ana haki. Tume yaweza kuiamuru ofisi itoe, na amri yake yaweza kupelekwa Mahakama Kuu itekelezwe. Lakini tume itakuuliza kitu kimoja kabla ya yote, iko wapi kopi yako yenye muhuri.

Kwa kaunti yetu na kwa ofisi za serikali kuu zilizo hapa naomba kitu kimoja kidogo, tena cha bei rahisi kuliko semina yoyote. Wekeni daftari kaunta. Nambari ya ombi, tarehe, nini kimeombwa, nani kapokea, tarehe ya mwisho ya kujibu, kimejibiwa nini. Likae wazi mtu alifungue asome, na kila miezi mitatu kurasa zake zipigwe kopi zipelekwe bunge la kaunti, wawakilishi wetu wa wadi waulize kwa nini nambari fulani haijajibiwa. Na kama kuna ofisi yoyote ya Lamu ishaanza kuweka daftari kama hilo, nduyangu usikae kimya, itaje, watu waende wakaione.